Punda wa Kikundi cha Tungalipo

Katika nchi yetu hakuna mtu anayeteseka bila kumbukumbu, na hilo ni jambo la kujivunia. Nasikia ziko nchi ambako mtu hukonda kwake, akafa kwake, na Serikali isipate habari. Kwetu ipo Wizara ya Huruma na Takwimu, yenye jengo la ghorofa tisa na lifti mbili, na katika kila ghorofa wamo wataalamu wanaojua kwa hakika ni wananchi wangapi wana huzuni, ya aina gani, na tangu lini.

Mimi naitwa Projesti, karani wa Kata ya Kilimatete kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Nayaeleza haya kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu barua zote zilizotoka kwetu niliziandika mimi kwa mkono. Mashine ya chapa ya ofisi ilipoteza herufi ya A, na bila A lugha yetu haifiki mbali.

Kilimatete ni pazuri. Tatizo lake ni moja tu, nalo wataalamu wameliita "changamoto ya umbali". Hospitali ya wilaya, ambako watu wenye virusi hupewa dawa, iko mwendo wa siku nzima kwa mguu, tena kwa mtu mwenye nguvu zake. Basi halifiki. Lilikuwa likifika mpaka lilipojengwa daraja la kisasa juu ya Mto Nyabuso. Daraja likazinduliwa na mawaziri wawili, na mvua za mwaka ule ule zikaondoka nalo. Limebaki la miti, linalopitisha mtu na mnyama. Na kanuni ya kliniki haina mjadala: dawa hukabidhiwa mwenyewe, aonekane uso, apande mzani. Mwenye nguvu za kufika hupewa dawa za kumwongezea nguvu. Asiye na nguvu hushauriwa aje akizipata.

Kulikuwa na mama mmoja kwetu, Bi. Apolonia, aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi. Miaka minane nyuma alibebwa kwenda wilayani juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwake, wanaume sita wakipokezana, na waliobaki kijijini wakaanza kukusanya mahindi ya msiba. Baada ya miezi mitano alirudi kwa miguu yake na kuuliza mahindi yamekwenda wapi. Ndiye aliyeanzisha Kikundi cha Tungalipo. Walikuwa watu kumi na wanane, wote wanaotumia dawa, wakikutana kila Alhamisi katika ghala la zamani la ushirika wa kahawa. Walikumbushana dawa, walilimiana mashamba, na aliyeishiwa nguvu walimbeba kwa machela hadi hospitali. Kubeba ndiko kulikowamaliza: watu wanane kwa mgonjwa mmoja, siku mbili kwenda na kurudi.

Ndipo Bi. Apolonia aliposikia redioni habari za Ruzuku Ndogo kwa Watu Wadogo.

"Tunataka punda," aliniambia ofisini kwangu. "Punda na mkokoteni. Andika."

"Bi. Apolonia, hii inakwenda Wizarani, ghorofa ya sita. Huwezi kuwaandikia watu wale kwamba unataka punda. Inabidi pawe na uwezeshaji."

"Basi andika tunataka kuwezeshwa punda."

Fomu ilikuwa na kurasa arobaini na moja. Katika orodha ya vitu ambavyo watu wadogo wanaweza kuomba palikuwa na semina, mabango, jenereta, semina ya kutumia jenereta, na ziara ya mafunzo. Punda hakuwemo. Nikamwingiza kwenye vyombo vya usafiri. Walipouliza namba ya chesisi nikaandika "hana". Walipouliza aina ya mafuta nikaandika "majani". Fomu ilirudishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu sikutaja idadi ya milango. Mara ya tatu ilipita, na Wizara ikamtuma Afisa Mpima Hali.

*

Afisa huyo aliitwa Bwana Sadoki Lwambano, kijana mpole, mwenye viatu vilivyochongoka na sauti ya mtu anayetoa pole muda wote. Alikuja na utepe wa kupimia mikono. Utepe ulikuwa na rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Aliwapanga wanachama ghalani, akaanza na mwenyekiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mama, naomba mkono."

Bi. Apolonia akanyoosha mkono uliosonga ugali wa watoto mia tatu kwa miaka kumi na mbili. Utepe haukuzunguka. Bwana Lwambano akaujaribu tena, kisha akaukunja kwa huzuni.

"Mama, utepe huu ulitengenezwa kwa ajili ya waathirika."

"Mimi ni mwathirika."

"Mkono haujui hilo."

Aliwapima wote kumi na wanane. Kijani, kijani, kijani. Mmoja alipata njano, kumbe alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa. Bwana Lwambano akaketi juu ya gunia, akajifuta jasho.

"Ndugu zangu, nitawaeleza nini wakubwa? Wahisani wanatoa kwa sababu ya shida. Mimi nimetembea siku nzima kuja kuangalia shida, nakuta timu ya mpira."

"Ni dawa hizo, mwanangu," alisema Bi. Apolonia. "Tukizipata tunakuwa hivi. Punda ni wa kuwapeleka wasiozipata."

"Ndiyo, mama. Sasa hao wako wapi?"

Mwanachama mmoja akasema kwamba wengi wa hao walikwishazikwa. Bwana Lwambano akatikisa kichwa kwa heshima na kueleza kwamba makaburi yanahudumiwa na idara nyingine.

Ikabidi apelekwe kwa Leokadia.

Leokadia alikuwa wifi yake Bi. Apolonia, mdogo wa marehemu mumewe, mwanamke wa miaka thelathini na sita. Alikuwa ameolewa kata ya mbali. Mumewe, ili ndugu zake wasijue, alizitupa dawa za mkewe chooni; baadaye, alipoona kwamba kukonda hakufichiki, alimrudisha kwao kwa baiskeli na kumwacha njia panda. Alikuwa amelala chumba cha uani kwa wifi yake wiki ya tatu, na kikundi kilikuwa kinangoja mvua ikatike kimbebe.

Bwana Lwambano akainama, akamzungushia utepe. Ukazunguka mara mbili na kusimama kwenye nyekundu. Uso wa Bwana Lwambano ukanawiri.

"Huyu ndiye ombi lenyewe," alisema.

"Mimi ni Leokadia," alisema mgonjwa.

Alipigwa picha nne, mbili akitazama kamera na mbili akitazama ukutani, kwa kuwa wahisani wengine hawapendi kutazamwa.

*

Mvua ilikatika, Leokadia akabebwa. Alirudi na kopo la dawa, na ndani ya miezi miwili alikuwa mtu mwingine. Kwanza alianza kula. Kisha alianza kudai dagaa. Kisha akaanza kutoka nje kuota jua na kuwasema wapita njia, maana ulimi wake haukuwahi kuugua. Mimi mwenyewe nilipita na shati langu la kazini akaniambia, "Karani, kola hiyo ulirithi au ulipewa ruzuku?"

Wakati huo ndipo barua ilipofika. Ombi la Tungalipo lilikuwa limekubaliwa. Punda angekabidhiwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, mbele ya wahisani kutoka ng'ambo, baada ya wiki sita. Niliisoma ghalani mara tatu kwa kuombwa. Watu walikumbatiana. Mzee Kaitira, ambaye miguu ya mkewe ilikuwa imeanza kufa ganzi, alilia akasema anakohoa.

Bwana Lwambano akaja kwa ukaguzi wa mwisho. Alimkuta Leokadia uani, anachambua maharage.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Umemkanyagia maharage yake," alisema Leokadia.

Utepe ulisoma njano, mwishoni kabisa, unapakana na kijani. Bwana Lwambano aliupima mkono wa pili kwa matumaini. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu naye, na akasema kwa ile sauti yake ya pole:

"Dada Leokadia, nakupongeza. Lakini naomba unielewe. Katika faili wewe ni mahututi. Picha yako iko ghorofa ya sita na ghorofa ya saba. Wahisani wamekwisha kuiona, mmoja alitoka nje kidogo. Sasa wakija wakakukuta unachambua maharage, itaonekana Wizara ilisema uongo."

"Si waambieni nilipona kwa dawa."

"Aliyepona haombi punda. Wenzenu wa Kata ya Rwamigoti wameomba pia. Wanao wanne ambao hawawezi hata kukaa." Alisimama, akafuta vumbi la suruali. "Mimi siagizi chochote, dada. Mimi ni mtumishi wa umma. Nasema tu kwamba utepe hauna upendeleo."

Haya yote aliyasema mbele yangu, na kwa mujibu wa utaratibu niliyaandika.

*

Bi. Apolonia aligundua baada ya siku kumi na nne. Alikuwa anafagia chini ya kitanda cha wifi yake, akakuta kopo limejaa kuliko linavyopaswa. Nilikuwa nimekwenda kuchukua saini ya mwenyekiti, nikawakuta.

"Leokadia, hizi dawa humezi."

"Nimezipumzisha kidogo."

"Dawa hazipumzishwi. Daktari alikuambia mbele yangu. Ukiacha, wale wadudu wanajifunza."

"Na wao waende shule." Leokadia alikuwa amejiegemeza ukutani, anatabasamu. "Wifi, ni wiki nne tu zimebaki. Punda akishafika nitakuwa wa kwanza kupanda, nitaanza upya. Hesabu wewe mwenyewe ni watu wangapi hawafiki wilayani. Mke wa Kaitira mwezi ujao hafiki. Nitawaangaliaje?"

"Sikukubeba mgongoni kutoka njia panda uje unifie kwa ajili ya mnyama."

"Nani kasema nakufa? Nakonda tu. Nilishakonda, ninajua njia."

Bi. Apolonia akamshikia kidonge mdomoni kama anayelisha mtoto. Leokadia akafunga meno. Walikaa hivyo, wanawake wawili wanatazamana, mpaka kidonge kikayeyuka vidoleni. Nikaona si wakati wa saini.

Alhamisi ile Bi. Apolonia alitoa hoja kikundini kwamba barua iandikwe kukataa punda. Nilikuwa nimekwishafungua daftari. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyeunga mkono. Watu walitazama vidole vya miguu yao. Ndipo Mzee Kaitira akasema, bila kuinua kichwa, "Tumwachie Mungu," na wote wakapumua. Kwenye kumbukumbu nikaandika: hoja imekabidhiwa mamlaka ya juu.

Wiki nne zilipokwisha, Leokadia akiwa amerudi kwenye nyekundu, barua ilifika kwamba Mheshimiwa Waziri amesafiri. Alikuwa amealikwa ng'ambo kuhutubia mkutano kuhusu mafanikio ya Ruzuku Ndogo. Sherehe ingefanyika mwezi unaofuata. "Wakati huo huo," barua ilimalizia, "mnaombwa kuhakikisha hali inabaki kama ilivyo." Nilimsomea Leokadia pale kitandani barua yote, sikuruka hata nukta.

"Mwezi mmoja ni nini," alisema.

Bi. Apolonia alianza kusaga vidonge na kuvitia kwenye uji. Leokadia alionja, akamimina uji chini, akaomba radhi kwa kupoteza unga.

Mwezi uliofuata ulihitajika kwa ajili ya kupaka rangi mkokoteni. Uliofuata huo, wahisani walikuwa likizo. Kila mara barua ilikuja na sentensi ile ile mwishoni, na kila mara niliisoma. Mara ya tatu Leokadia hakunijibu. Midomo ilikuwa imejaa utando mweupe na alikuwa anakohoa kwa sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango asiotaka ufunguliwe. Bi. Apolonia hakusaga tena vidonge, kwa sababu hakuna kilichomezeka. Aliomba watu wa machela. Wanane walikuja, tena haraka. Lakini mvua kubwa zilikuwa zimerudi, Mto Nyabuso ukawa umepanda juu ya daraja la miti, na wakarudi naye wakiwa wamelowa wote tisa.

*

Sherehe ilifana. Asubuhi ya siku hiyo wanajeshi walileta daraja la chuma, wakalitandika juu ya mto kwa muda wa saa tatu, na magari ishirini na matatu yakapita. Kilimatete hatukuwa tumeyaona magari mengi hivyo tangu daraja la kwanza lizinduliwe.

Leokadia aliwekwa mbele, kwenye kochi lililoazimwa kwa paroko. Alivishwa fulana iliyoandikwa NAPENDWA NA SERIKALI YANGU. Ilikuwa kubwa mno kwake, hivyo ilibanwa mgongoni kwa pini ili maneno yote yasomeke. Punda naye alivishwa ukanda wenye rangi za taifa. Mkokoteni ulikuwa umechorwa uso wa Waziri ubavuni, kwa ustadi mkubwa, ingawa gurudumu liliangukia penye kidevu.

Mheshimiwa Lukolongo, Waziri wa Huruma na Takwimu, alihutubia saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "tulipoingia madarakani, ndugu zetu hawa walikuwa hawana hata wa kuwatazama. Leo tazameni. Wanatazamwa na taifa zima. Wapo wanaobeza, wanasema punda mmoja. Nawauliza: kabla yangu walikuwa na punda wangapi? Kwa takwimu nilizonazo, kutoka punda sufuri hadi punda mmoja, ongezeko hilo wataalamu wangu wameshindwa kulipiga hesabu. Nami nasema, huyu si punda. Huyu ni sera yenye miguu minne."

Wahisani walipotafsiriwa hotuba walipiga makofi. Mmoja alimtazama Leokadia kwa muda, akatoka nje ya turubai kidogo.

Ikafika zamu ya kukabidhi. Waziri alimpa Leokadia kamba ya punda, lakini vidole vyake havikushika, kwa hiyo Bwana Lwambano akaifunga kwenye kifundo cha mkono wake. Punda aliona maua ya meza kuu, akayafuata. Leokadia akatoka kwenye kochi akaburutwa hatua tatu. Wapiga picha hawakuwa tayari, wakaomba lirudiwe. Mara ya pili Bi. Apolonia alikuwa amekwishamfikia, akaifungua kamba kwa meno.

Alimbeba mikononi, akaenda naye moja kwa moja hadi kwenye magari.

"Mheshimiwa, naomba gari moja. Mnarudi wilayani, njia ni moja. Huyu hafiki kesho."

Waziri alikuwa tayari ndani, kioo kikiwa nusu. Alimsikiliza vizuri, sina budi kusema.

"Mama," alisema, "ninaguswa sana. Lakini fikiri. Nikimchukua kwa gari siku hii hii, mbele ya wahisani hawa, punda atakuwa na maana gani?"

Magari yakaondoka. Alasiri wanajeshi wakakunja daraja lao na kulipakia. Maji ya mto yalikuwa yameshuka usawa wa miti, na daraja letu lilikuwa linapitika kwa mnyama. Bi. Apolonia akaenda kumfunga punda.

Hatamu hazikuwepo. Bwana Lwambano, ambaye alikuwa amebaki kwa ajili hiyo, akaeleza kwa upole kwamba ziko kwenye sanduku, na sanduku litafunguliwa baada ya Semina ya Usimamizi Endelevu wa Punda, siku tano, mahudhurio ni lazima kwa wanachama wote, wabeba machela wakiwemo.

*

Semina ilifanyika ghalani. Siku ya kwanza ilikuwa ya kufahamiana na punda. Siku ya pili tulijifunza haki za punda na wajibu wake. Siku ya tatu wanachama waligawanywa katika makundi, wakaulizwa wanamwona wapi punda baada ya miaka kumi. Bi. Apolonia aliketi karibu na mlango, akisikiliza kikohozi kutoka nyumbani kwake, kwa kuwa si mbali. Mara mbili alisimama kuondoka, na mara mbili Bwana Lwambano alimkumbusha kwamba saini ya mwenyekiti ikikosekana siku moja, semina inaanza upya.

Siku ya tano tulipewa vyeti na sanduku likafunguliwa.

Walimlaza Leokadia kwenye mkokoteni juu ya godoro. Upande wa kulia wakamweka mke wa Mzee Kaitira, ambaye hakuwa anatembea tena, na upande wa kushoto mwanaume mmoja aitwaye Fulgensi, ambaye kopo lake lilikuwa limekwisha wiki mbili kabla na macho yalianza kumwingia ndani. Nilikwenda nao kwa kuwa safari ya kwanza ilihitaji shahidi wa Serikali. Bi. Apolonia alishika hatamu, akitembea kando ya punda.

Tulipovuka Mto Nyabuso Leokadia alifumbua macho, akatazama mgongo wa punda.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye," alisema wifi yake.

"Mdogo."

Mbele kidogo, penye mwinuko wa kwanza, mke wa Kaitira alisema taratibu, "Apolonia, mkono wake umebadilika." Bi. Apolonia alisimamisha punda. Alimgusa shavu Leokadia, akamfumba macho, akamvutia kanga mpaka usoni. Nilidhani tutageuza. Hata punda alidhani hivyo, alishaanza kukunja shingo.

Bi. Apolonia aliwatazama wawili waliobaki. Kisha akaivuta hatamu kuelekea wilayani.

Tulifika jioni. Mke wa Kaitira na Fulgensi walionekana uso, wakapanda mzani, wakapewa dawa. Karani wa kliniki aliuliza huyo wa tatu vipi, hajapanda mzani. Bi. Apolonia akasema amechelewa.

*

Leokadia alizikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Wiki mbili baadaye nilipokea fomu ya taarifa ya robo mwaka. Ilikuwa na swali moja kubwa, na chini yake onyo: endapo mlengwa ametoka katika hali iliyompatia ruzuku, iwe kwa kupona au kwa njia nyingine, kifaa kirejeshwe Wizarani ndani ya siku saba kwa ajili ya kata yenye uhitaji.

Nilimpelekea Bi. Apolonia. Alikuwa anamwosha punda miguu.

"Inabidi niandike amefariki," nilisema. "Sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi ya Serikali."

Hakugeuka. Aliendelea kuosha, mguu hadi mguu. Niliwaza zile barua tatu nilizozisoma kando ya kile kitanda, na sauti yangu ilivyokuwa safi.

"Wanauliza nini hasa?" alisema hatimaye.

Nikamsomea: "Je, hali ya mlengwa imebadilika tangu taarifa iliyopita? Kama ndiyo, eleza."

"Taarifa iliyopita ni ipi?"

"Hakuna. Hii ndiyo ya kwanza."

"Basi," alisema.

Nikaandika "hapana", nikapiga muhuri. Robo iliyofuata sikuhitaji hata kufikiri, maana sasa ilikuwa kweli tupu.

Punda alifanya kazi. Kila Jumatatu na Ijumaa alivuka mto. Mke wa Kaitira alirudi kutembea, kwanza kwa fimbo, kisha kwa kiburi. Fulgensi alioa. Mwaka ule hatukuzika mwanachama hata mmoja, na mwenye duka la mbao za majeneza alihamia Rwamigoti, ambako walikuwa bado hawajapata punda. Huko Wizarani, Leokadia alisifiwa kwa uthabiti wake. Faili lake lilitumika kufundishia. Bwana Lwambano alipandishwa cheo kwa sababu hiyo, na baada ya mwaka akatumwa kuja kumwona mlengwa kwa macho.

Alikuja na viatu vipya. Bi. Apolonia alimpokea vizuri, akampa maji.

"Shikamoo, mama. Mlengwa yupo?"

"Marahaba. Yupo."

"Naomba kumwona."

Tulizunguka nyuma ya nyumba, tukaingia migombani, Bi. Apolonia mbele, yeye katikati, mimi nyuma. Alipoona rundo la udongo na msalaba wenye jina, Bwana Lwambano alisimama. Utepe ulikuwa tayari mkononi. Aliutazama, akamtazama Bi. Apolonia, akanitazama mimi. Huko mbele ya nyumba punda alikuwa anafungwa kwa safari ya Ijumaa, watu wanne wamekwishapanda na wanabishana nani akae wapi. Bwana Lwambano aliwasikia. Akaurudisha utepe mfukoni.

"Amelala?" aliuliza.

"Amelala," alisema Bi. Apolonia.

"Tusimwamshe." Akafungua faili, akaliegemeza kwenye mgomba. "Anapata maumivu?"

"Siku hizi hapana."

"Hilo nisiliandike, mama. Maumivu yakiisha punda anaondoka." Aliandika kitu kirefu, akanipa nisaini kama shahidi, nikasaini.

Tulikwishaanza kuondoka alipokumbuka jambo.

"Mheshimiwa Waziri alinituma. Alisema nikimkuta mlengwa nimfikishie salamu zake."

Alisema hivyo akiwa ameshika kofia, na hakujua aelekee wapi. Bi. Apolonia alirudi peke yake hadi kwenye msalaba, akapiga goti, akaweka kiganja juu ya udongo. Alinong'ona, lakini nilikuwa karibu.

"Wifi," alisema, "Waziri anakusalimu. Usiitikie."